Baba Mkwe Ndani ya Kompyuta

Mimi na baba mkwe wangu hatukuwahi kukaa chumba kimoja, na wala hatukuwa na ugomvi. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe, hazungumzi naye, halitaji jina lake, na akimwona anakuja njiani anakata kona haraka, hata kama kona yenyewe ni shamba la chai la watu na mvua inanyesha. Siku hizi wengi wamelegeza. Mkwe wangu, mzee wa kanisa kule Nkunga, hakulegeza hata kidogo. Alisema kanisa limeshamnyima pombe na ngoma naye hakulalamika, lakini heshima ya mkwe wamwachie.

Sasa mtu huyo ndiye aliyetaka kutumia kompyuta yangu.

Nilikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa kopi pale Msasani, Tukuyu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu anafungua kitu. Ushirika ulikuwa umeshakufa, kahawa wananunua watu binafsi wa kila aina, mitumba inauzwa mpaka mlangoni mwa kanisa, na mimi nikajipatia kompyuta, nayo ya mtumba, imetoka Uarabuni na vumbi la huko. Ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga, lakini ilikuwa yangu. Kwenye kioo chake niliweka picha yangu ya harusi. Nimevaa shela, nimekaza macho mbele, sicheki, kwa sababu mpiga picha siku ile alinikera. Picha hiyo ndiyo iliyoanzisha balaa.

Baba mkwe alikuwa ametoka kwenye msiba wa rafiki yake. Misiba yetu si midogo, watu wanajaa mpaka migombani, na kabla ya kuzika lazima usomwe wasifu wa marehemu. Wa huyo rafiki ulikuwa umechapwa kwa kompyuta, una maua pembeni, na ulikuwa uongo mtupu. Ulisema marehemu alipenda michezo. Marehemu hakuwahi hata kukimbiza kuku. Halafu ukamruka mke wake wa kwanza, kana kwamba hakuwahi kuwepo. Mzee akarudi Nkunga amefura.

"Tumezika mtu mwingine," akamwambia mume wangu. "Rafiki yangu bado hajazikwa."

Wa kwake, akasema, ataandika mwenyewe angali hai. Hakuwa na wasiwasi wa cheo wala shamba. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkaba, nacho ni idadi ya watoto. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikufa hajabatizwa, hajajua hata kutambaa, na katika ukoo mzima hakuna aliyekuwa anamhesabu. Wote walisema mzee ana watoto sita. Mume wangu mwenyewe, mwalimu, mtu wa kusahihisha madaftari ya watu, alisema sita. "Baba, wanaohesabiwa ni sisi tuliopo." Mzee akaapa kwamba siku ya kumzika isiposomwa saba, atagoma kushuka kaburini. Na kwa jinsi nilivyomjua, angegoma kweli.

Kuandika aliweza. Zamani alikuwa karani wa ushirika, vidole vyake vilikuwa vinajulikana Rungwe nzima kwa kasi. Taipureta ya ofisi ilipotea pamoja na ofisi. Ikabaki kompyuta ya mkwe.

Tukaweka utaratibu. Barazani kwangu alikuwa anakaa fundi cherehani, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kila Jumanne mzee alikuja kutoka Nkunga, na akikaribia duka anakohoa. Fundi anapaza sauti, "Shoga, mkweo huyo!" Mimi natoka mlango wa nyuma, kanga kichwani, nakaa uani. Kati yetu unabaki ukuta wa mbao. Mzee anaingia nyumba isiyo na mkwe, heshima imelindwa.

Jumanne ya kwanza mume wangu alimwashia kompyuta akakimbilia shule. Haikupita muda nikasikia kiti kimeanguka na mtu anaita, "Yesu wangu!" Kisha fundi akaja uani ameshika mbavu, machozi yanamtoka kwa kucheka.

"Mkweo kakimbia, bibi we! Kakimbilia sokoni, kofia kaiacha!"

Nikaingia ndani. Kofia iko juu ya kibodi, kiti chali, na kioo kizima ni uso wangu, nimetoa macho kama ninayemdai mtu.

Kikaitishwa kikao Nkunga. Wazee walikaa mchana kutwa wakijadili kama picha inahesabika. Picha ya ukutani si kosa, wakasema, kila nyumba inazo. Lakini hii ilikuwa inawaka. Mmoja akaweka msimamo kwamba picha isiyowaka ni karatasi, inayowaka ni mtu, na wenzake wakamuunga mkono. Mume wangu akarudi na sauti ya chini kuniomba niitoe. Nilimjia juu! Nikamwambia kompyuta ni yangu, shela ni langu, na uso ni wangu, na kama kuna kitu cha kutoka humu ndani basi atangulie yeye. Hakuligusa tena jambo hilo.

Kumbe picha haikuwa tatizo kubwa. Mzee alikuwa ameendelea kufikiri, akaja kwa mume wangu na swali.

"Nikishaandika, maneno yangu yanalala wapi?"

"Ndani ya kompyuta, baba."

"Na mkwe wangu akiwasha kesho, anaingia humo humo?"

"Anaingia."

"Basi tunalala nyumba moja."

Mume wangu aliniletea swali hilo mezani tukila, akidhani nitacheka. Sikucheka. Ukilifikiria vizuri, mzee alikuwa na haki.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetuponza, ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi wa kompyuta huko Mbeya. Huyu alikuwa anavaa miwani ya jua hata kwenye ukungu wa Tukuyu ambao mtu haoni miguu yake. Akaja na CD moja.

"Humu mna kompyuta nzima," akasema. Mimi nasikia kutoka uani, baba mkwe yuko ndani. "Unaitia kwenye kompyuta ya shemeji, inafunguka nyingine ndani yake. Ina kumbukumbu yake, ina saa yake, haigusi kitu cha mwenye nyumba. Ukimaliza unazima, unachomoa, unaweka mfukoni. Huku haibaki hata harufu yako."

"Kompyuta ndani ya kompyuta," mzee akasema polepole.

"Ndiyo, baba."

"Na akitokea mtu akafuta maneno yangu?"

"CD hii haifutiki. Hata mimi niliyeitengeneza siwezi kuifuta."

Nikasikia mzee anapiga makofi. Na mimi uani nikapiga. Mimi nilijua kuchapa na kutoa kopi, mambo ya CD niliwaachia wenyewe, na kitu kisichofutika tuliona ndicho salama kuliko vyote duniani. Shemeji akasema atarudi na flashi. Hakusema ya nini, nasi hatukuuliza. Muda si mrefu akapata kazi Dar es Salaam, akayeyuka na miwani yake.

Mzee aliipenda kompyuta yake ya ndani, we acha tu. Ilifunika kioo chote, mimi na shela langu tukabaki chini. Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa tatu, shemeji hakuirekebisha, na mzee hakuona kasoro. Alimwambia fundi, "Huko ndani bado asubuhi," kama anayesimulia habari za nchi ya mbali. Basi akawa hatoki mpaka itimie saa sita mchana ya huko ndani, ambayo kwetu sisi tulio nje ni saa tisa, na mimi uani tumbo linanguruma. Wateja walikuja na vyeti vyao vya kutoa kopi, fundi anawaambia, "Kuna mkwe ndani, rudini baadaye." Watu wa Tukuyu waligeuka bila neno. Wageni tu ndio waliouliza maswali, na fundi alikuwa anawajibu, "Hata mimi haya mambo ya kwao siyajui, nashona tu."

Mara nyingine kidole cha mzee kiliteleza, dirisha la kompyuta yake likasinyaa, na pembeni likatokea sikio langu. Sikio na kipande cha shela. Alikuwa anavua kofia anafunika sikio, anaendelea na kazi.

Na kila Jumanne akiwasha, alikuta karatasi tupu. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye hakushtuka hata kidogo, kwa sababu kwenye taipureta ukijaza karatasi unaichomoa na kuweka nyingine nyeupe, na hakuna karani anayetegemea kukuta kazi ya wiki iliyopita imeng'ang'ania kwenye mashine. Alijua zilizojaa zimo ndani ya CD, zimepangwa moja juu ya moja. Akaendelea alipoishia. Jumanne moja shule ya misheni, Jumanne nyingine ushirika, nyingine ndoa. Aliandika kwa kunong'ona, mimi uani nasikia mvumo tu. Akimaliza anaifunga CD kwa leso, anaiweka katikati ya kitabu cha nyimbo, anamuaga fundi, "Leo nimezaa mtoto wa nne," na fundi anaitikia, "Hongera, baba."

Ikafika Jumanne ambayo mambo yalikuwa tofauti. Nilikuwa namenya ndizi, nikasikia anajisemesha. "Iko wapi? Ile ya mwanzo iko wapi?" Nadhani alitaka kurudi nyuma kuhakikisha jambo. Akabonyeza. Akazima, akawasha. Akagonga sanduku la kompyuta kwa fimbo. Hata cherehani ya fundi ikasimama. Halafu mzee akacheka. Alicheka peke yake mle ndani mpaka akakohoa, akatulia, akacheka tena. Nikasikia anaburuta kiti, kikaja kugonga mbao mgongoni kwangu kabisa.

Vitufe vikaanza upya, na safari hii hakunong'ona.

"Nilizaliwa Nkunga, mkato, mwana wa pili wa mama yangu, nukta. Aya mpya."

Nikatupa kisu kwenye beseni. Jamani, nusu mwaka wa kukaa uani kwenye baridi, na leo tunarudi kuzaliwa! Mzee alipoondoka nikamwambia fundi, "Kichwa kimeshachoka. Ameanza upya."

"Maskini," fundi akasema. "Na sauti imekuwa kubwa. Masikio nayo."

Ndivyo tulivyoamua, mzee kazeeka. Jumanne zilizofuata nikamsikiliza nipende nisipende, maana hata maji yakichemka uani sauti yake ilipita. Nikajua alivyotembea pekupeku kwenda shule. Nikajua alivyomwona mama mkwe kwa mara ya kwanza, amebeba mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yeye, naye akajifanya anafunga kamba za viatu ilhali hakuwa na viatu. Nilicheka nikaziba mdomo kwa kanga. Na ile Jumanne ya watoto aliwataja mmoja mmoja, akianzia na yule msichana, na akalitaja jina lake, jina ambalo sikuwahi kulisikia kwenye nyumba ile. "Alikuwa na vishimo mashavuni, nukta. Watoto wangu ni saba, nukta. Saba." Ndizi ilikuwa mkononi sijaimenya. Nililia, sitaki kusema uongo.

Mvua za masika zilipokolea kichomi kikamkamata, na hakuamka.

Siku ya kuandaa maziko nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu kule Nkunga, nikaitwa. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa duka. Tukateremka Tukuyu kwenye pikapu: wazee wa ukoo, mume wangu, shemeji aliyefika kutoka Dar na miwani yake, na kitabu cha nyimbo chenye CD ndani ya leso. Nikafungua duka, halafu bila kufikiri nikazunguka uani nikakaa pangu, kama vile anayeingia ni yeye. Fundi akaja akakaa nami, amenishika mkono.

Nikasikia kompyuta inaunguruma. Nikasikia wazee wananong'onezana kuhusu picha, kisha CD inazunguka.

"Karatasi tupu," mmoja akasema.

"Geuza iliyo chini yake."

"Hakuna ya chini." Hiyo ni sauti ya shemeji, na haikuwa na miwani tena. "Baba alikuwa anaandika hapa? Nilimwambia nitaleta flashi! CD hii haiandikwi. Ukizima, kila kitu kinapotea."

"Ulisema haifutiki."

"Haifutiki kweli, mzee."

"Basi hayajafutika. Yatoe."

"Hayakuingia! Hakiwezi kufutika kitu ambacho hakikuingia!"

"Kijana, tuna maiti nyumbani. Yatoe."

Wakabishana hapo mpaka nikaona aibu kwa niaba ya shemeji. Mwishowe mume wangu akavuta kiti, nikasikia anakohoa kikohozi chake cha darasani. Akaanza kuchapa huku anasoma. "Marehemu alizaliwa Nkunga. Alikuwa mkulima na mpenda maendeleo. Ameacha watoto sita..."

"Saba!"

Sikujua kama sauti imetoka kwangu. Fundi aliniachia mkono kwa mshtuko.

"Nani huyo?" mzee mmoja akauliza.

"Ni mke wangu," akasema mume wangu. "Yuko uani."

"Ni saba," nikasema kwa ukuta. "Wa kwanza msichana, alikuwa na vishimo mashavuni. Ninayo yote, tangu kuzaliwa. Ameyasoma hapa, nimeyasikia."

Hapo kikao kikahamia kwangu. Kama mkwe amesikia, si ina maana alikuwa naye ndani? Alikuwa uani. Mwili ulikuwa uani, masikio yalikuwa ndani. Na marehemu, bado ni baba mkwe au sasa ni marehemu tu? Yule mzee wa picha inayowaka ndiye aliyekata shauri. Alisema kama kompyuta inaweza kukaa ndani ya kompyuta nyingine zisigusane, basi mkwe anaweza kukaa ndani ya maneno ya baba mkwe wasigusane. Akaniita niingie. Nikakaa kwenye kiti ambacho kwa miezi yote ile alikuwa anakikalia yeye, nikavuta kibodi.

Nilipofika kwenye jina la baba mkwe nikaacha nafasi. Shemeji akaliandika yeye, mimi nimegeuza uso.

Yaliyobaki yakatiririka. Nikashangaa mwenyewe, sijui kukariri, hata zaburi moja hainikai. Lakini kila nilipotaka kusita, nilisikia mahali pa kuweka mkato, mahali pa nukta, mahali pa kuanza aya mpya, na vidole vikafuata. Nikafika kwenye viatu, wazee wakacheka huku wanafuta macho. Nikafika kwenye watoto, nikaandika saba, mume wangu amesimama nyuma yangu. Ndipo mikono ikasimama juu ya kibodi.

Mchapaji hajitamkii nukta. Mimi nachapa kila siku, sijawahi kujiambia mkato. Anayesema nukta na mkato ni bosi, anapomsomea karani wake aandike. Na karani wa miaka yote ile ya ushirika alilijua hilo kuliko sisi wote. Hakuwa amezeeka. Ile siku aliyocheka alikuwa ameshagundua kwamba CD haishiki kitu, na kumwomba mkwe wake hawezi, kuzungumza naye hawezi. Akaleta kiti ukutani. Vile vitufe alikuwa anavibonyeza ili mtu asiseme anaongea na mke wa mwanawe.

"Vipi?" mume wangu akauliza.

"Nakumbuka," nikasema.

Nilikuwa nimefika Jumanne ya mwisho. Siku ile alishukuru kanisa, akashukuru majirani, akashukuru ardhi ya Nkunga, kila kitu na nukta yake. Akazima. Nikasikia leso inakunjwa. Kisha, vitufe vimenyamaza, kiti bado kiko ukutani, akasema taratibu:

"Mke wa mwanangu nilimwona mara moja tu, kwenye kile kioo. Kabla sijakimbia nilitazama kidogo. Nikafurahi."

Niliandika kanisa, nikaandika majirani, nikaandika ardhi ya Nkunga, nikatoa kopi za kutosha. Kesho yake ikasomwa saba mbele ya umati, na mzee akashuka kaburini bila kugoma. Lile la kioo sikuliandika. Halikuwa na nukta.